Namna ya Kupima Madai ya Urejelezaji wa Mafuta ya Nyuklia: Fuata Kilo 1,000 Hadi La Hague

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwandishi wa habari, mwalimu, diwani au mwananchi yeyote anayekutana na kauli kwamba mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika si taka, kwa kuwa asilimia 96 yake inaweza kurejelezwa na kuzalisha umeme tena. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaeleza kidogo kuliko inavyosikika. Njia ya uhakika ya kuipima ni kuchukua kiasi maalumu cha mafuta, tuseme kilo 1,000, na kukifuata tangu kinapotolewa kwenye kinu cha nyuklia hadi mahali inapotua kila sehemu yake. Mfano tutakaoutumia ni Ufaransa, kwa sababu ndiyo nchi iliyoifanya kazi hii kwa kiwango kikubwa na kwa miaka mingi mfululizo, na kwa sababu takwimu zake nyingi huchapishwa hadharani.

Anza kwa kuandika kilichomo

Mafuta ya kinu cha kawaida kinachopozwa kwa maji ni vidonge vya oksidi ya urani, kila kimoja kikiwa na kipenyo cha milimita nane hivi, vilivyopangwa ndani ya fimbo za aloi ya zirkoni zenye urefu wa karibu mita nne. Katika aina ya vinu vinavyotumika Ufaransa, fimbo 264 hushikanishwa kuwa kifurushi kimoja chenye karibu nusu tani ya urani, kwa hiyo kilo 1,000 zetu ni takriban vifurushi viwili. Kabla ya kuingia kinuni, urani hiyo huwa imerutubishwa ili isotopu (aina ya atomi za elementi moja, inayotofautiana na nyingine kwa uzito) ya urani-235, ambayo ndiyo hasa inayopasuka kwa urahisi na kutoa joto, ifike kati ya asilimia 3 na 5. Iliyobaki ni urani-238.

Baada ya kukaa kinuni kwa miaka mitatu au minne, mafuta hutolewa yakiwa na sura ileile lakini yakiwa na vitu vingine ndani. Chukua karatasi uandike hesabu tatu, kwa maana mwongozo wote unazitegemea: takriban kilo 950 ni urani, kilo 10 ni plutoniamu iliyozaliwa humohumo kinuni, na kilo 40 ni mabaki ya atomi zilizopasuka, kama vile sesiamu na strontiamu, pamoja na kiasi kidogo cha elementi nzito kama amerisiamu, kuriamu na neptuniamu.

Ile asilimia 96 ni jumla ya kilo 950 na kilo 10. Kabla hujasonga mbele, zingatia kwamba hesabu hiyo inapima uzito peke yake. Katika karne za mwanzo sehemu kubwa ya mionzi na joto imo ndani ya zile kilo 40, na sehemu kubwa ya zile kilo 950 ni urani-238 ambayo tangu mwanzo haikuwa mafuta kwa maana kamili. Mtu anayetaja asilimia ya uzito bila kutaja joto wala mionzi amekupa kipimo kilicho rahisi zaidi, nawe huna budi kumwomba vile viwili vingine.

Hesabu miaka ya kupoa

Mafuta yaliyotoka kinuni hayaguswi upesi. Huzamishwa katika bwawa lililo karibu na kinu, chini ya mita kadhaa za maji ambayo hupoza na wakati huohuo huzuia mionzi, na hukaa humo mwaka mmoja au zaidi kabla ya kupakiwa kwenye makasha mazito ya chuma na kusafirishwa. Nchini Ufaransa safari hiyo huishia La Hague, kwenye ncha ya rasi ya Cotentin karibu na Cherbourg, ambako kuna kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1966 na ambacho leo kinaendeshwa na kampuni ya Orano. Huko mafuta huingia tena bwawani kwa miaka kadhaa. Mabwawa ya La Hague yana takriban tani 10,000 za mafuta yaliyotumika, na mamlaka ya usalama wa nyuklia ya nchi hiyo imekwisha kuonya kwamba nafasi iliyobaki inazidi kupungua.

Kwa hiyo unaposoma ripoti yoyote, uliza mafuta yanayozungumziwa yako katika hatua gani: je, yamekwisha kuchakatwa, au yapo bwawani yakisubiri? Mara nyingi mafuta yanayosubiri huhesabiwa kuwa ni mali itakayotumika baadaye, na kwa sababu hiyo hayaonekani kwenye orodha ya taka. Ni uamuzi wa kisheria unaoruhusiwa, lakini hubadilisha sana sura ya takwimu, kwani mali isiyo na tarehe ya kutumika huweza kukaa bwawani miongo mingi bila yeyote kulazimika kueleza itakwenda wapi.

Elewa kiwanda kinafanya nini

Kwa ufupi, fimbo hukatwakatwa nyuma ya kuta nene za zege kwa mashine zinazoongozwa kutoka mbali, mafuta huyeyushwa katika asidi ya naitriki, kisha urani na plutoniamu hutenganishwa na mabaki mengine kwa njia ya kikemia iliyobuniwa Marekani katikati ya karne iliyopita. Kazi hii haipunguzi mionzi iliyokuwamo, wala haiteketezi atomi hata moja ya sesiamu. Inapanga upya vitu vilivyokuwa vimechanganyika, ili kila kimoja kifuate njia yake. Njia hizo ni tatu, na hazilingani hata kidogo kwa ugumu.

Njia ya mabaki ndiyo iliyo wazi zaidi. Zile kilo 40 huchanganywa na kioo kilichoyeyushwa na kumiminwa katika mitungi ya chuma kisichoshika kutu, kila mtungi ukiwa na urefu wa takriban mita 1.3 na kilo 400 hivi za kioo. Teknolojia hii imethibitika kuwa imara, na kwa maoni yangu ndiyo mafanikio makubwa kuliko yote ya La Hague, ingawa husifiwa mara chache. Hata hivyo kioo hicho huendelea kutoa joto kwa muda mrefu, na kinahitaji kaburi la kudumu. Ufaransa inakusudia kukizika katika mradi wa Cigéo, karibu na kijiji cha Bure mashariki mwa nchi, ndani ya tabaka la udongo wa mfinyanzi lililo mita 500 hivi chini ya ardhi. Shirika la taifa la taka za mionzi, Andra, liliwasilisha maombi ya kibali cha ujenzi Januari 2023. Hapa pana jambo la kulipigia mstari: nchi inayorejeleza kuliko nyingine zote bado inahitaji shimo refu la kuzikia.

Kaa muda mrefu zaidi kwenye plutoniamu

Kilo 10 za plutoniamu hupelekwa katika kiwanda cha Mélox, kilichopo Marcoule kusini mwa Ufaransa, ambacho kimekuwa kikifanya kazi tangu mwaka 1995. Huko huchanganywa na oksidi ya urani kutengeneza mafuta mseto yajulikanayo kama MOX, ambayo plutoniamu ndani yake huwa karibu asilimia 8 au 9. Piga hesabu mwenyewe: kilo 10 kwa kiwango hicho hutoa kilo 110 hadi 125 za mafuta mapya. Maana yake ni kwamba vifurushi vinane au tisa vya mafuta yaliyotumika huzaa kifurushi kimoja cha MOX. Urani inayochanganywa humo kwa kawaida ni ile iliyobaki kwenye viwanda vya kurutubishia, na zile kilo 950 zetu hazijaguswa bado.

Ufaransa ilianza kutumia MOX katika vinu vyake vya kawaida mwaka 1987, kwenye kituo cha Saint-Laurent-des-Eaux, na sasa vinu ishirini na kitu vya megawati 900 vina kibali cha kuitumia. Takriban asilimia 10 ya umeme wa nyuklia wa nchi hiyo hutokana nayo. Hicho ni kiasi cha maana kwa taifa lenye vinu zaidi ya 50, nacho hakipaswi kubezwa. Lakini ni asilimia 10, wala haikaribii 96.

Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: MOX ikishatumika inakwenda wapi? Inarudi bwawani. Plutoniamu iliyobaki ndani yake imebadilika, isotopu zinazopasuka kwa urahisi zimepungua, amerisiamu imeongezeka, na joto lake hukaa kwa muda mrefu kuliko la mafuta ya kawaida. Kiasi kidogo kimewahi kuchakatwa kwa majaribio, lakini hakuna mzunguko wa kila mwaka unaoirudisha kinuni mara ya pili. Urejelezaji wa leo, kwa upande wa plutoniamu, hufanyika mara moja na kusimama.

Mpango wa awali ulikuwa tofauti. Wahandisi waliojenga kiwanda cha La Hague walitarajia vinu vya nyutroni za kasi (nyutroni ni chembe zinazopasua atomi), ambavyo huweza kutumia plutoniamu tena na tena na hata kuizalisha kutokana na urani-238. Ufaransa ilijenga Phénix, kilichoanza mwaka 1973 na kuzimwa mwaka 2009, na kingine kikubwa zaidi, Superphénix, kilichofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Mradi uliofuata, ASTRID, ulisitishwa mwaka 2019. Urusi ndiyo iliyosonga mbele, na kinu chake cha BN-800 huko Beloyarsk kilipakiwa MOX kikamilifu mwaka 2022. Kwa hiyo unapoambiwa kwamba mafuta yaliyotumika ni hazina ya nishati kwa karne nyingi zijazo, tambua kwamba msemaji anahesabu vinu ambavyo ni nchi chache mno zinavyo, na ambavyo Ufaransa yenyewe haina hata kimoja kinachozalisha umeme leo.

Usiache pia upande wa usalama wa dunia. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, katika ukaguzi wake, huhesabu kilo 8 za plutoniamu kuwa kiasi ambacho hakiwezi kupuuzwa, kwa kuwa uwezekano wa kutengenezwa silaha hauwezi tena kuondolewa. Kumbe tani moja ya mafuta yaliyotumika ina zaidi ya kiasi hicho. Plutoniamu ikiwa bado imechanganyika na mabaki yenye mionzi mikali, mionzi hiyo yenyewe humzuia mwizi. Ikishatengwa, kinga hiyo haipo tena, na badala yake lazima pawe na walinzi, kamera, wakaguzi na hesabu zisizokosea. India ilifanya jaribio lake la mwaka 1974 kwa plutoniamu iliyotengwa kutoka mafuta ya kinu cha utafiti, na tukio hilo lilichangia Rais Jimmy Carter kusitisha uchakataji wa kibiashara nchini Marekani mwaka 1977. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1981, lakini biashara haikufufuka, kwa sababu gharama hazikulipa. Mtu anayezungumzia urejelezaji bila kutaja jambo hili hajakupa habari kamili.

Usidanganywe na rundo la urani

Tumebaki na kilo 950. Hizi ndizo zinazoifanya asilimia ionekane kubwa, na ndizo zilizotumika kidogo zaidi. Urani hiyo bado ina urani-235 ya kiasi cha asilimia 0.8, ambacho ni zaidi kidogo ya ile iliyomo katika urani asilia, hivyo inaweza kurutubishwa upya. Lakini ina pia urani-236, inayomeza nyutroni na kulazimisha urutubishaji uwe wa juu zaidi, na chembe za urani-232, ambazo huzaa vitu vyenye mionzi mikali na kufanya kiwanda kihitaji tahadhari za ziada.

Hata urutubishaji ukifanikiwa, hesabu inabana. Ukiinua asilimia 0.8 hadi 4 na kitu, unapata takriban sehemu moja ya saba ya uzito ulioanza nao; sehemu sita zilizobaki huwa urani hafifu inayokwenda ghalani. Kutoka kilo 950, basi, hurudi kinuni kilo 130 au 140 hivi. Jumlisha na MOX, na utaona kwa nini wenye viwanda wenyewe, wanapozungumza kwa lugha ya kitaalamu, hutaja kuokoa urani asilia hadi asilimia 25 kwa njia zote mbili. Hiyo ndiyo takwimu ya kuibeba mkutanoni, na utakuwa umeipata kwa watetezi wa urejelezaji wenyewe.

Kwa miaka mingi hata hicho hakikufanyika. Urani iliyochakatwa ililundikana ghalani, na akiba ya Ufaransa ilipita tani 30,000. Kampuni ya umeme EDF ilirejea kuitumia hivi karibuni tu: kinu namba 2 cha Cruas kiliwashwa tena Februari 2024 kikiwa kimepakiwa urani iliyorejelezwa. Kiwanda kinachoibadili urani ya aina hiyo ili irutubishwe kipo Seversk, nchini Urusi, jambo ambalo tangu vita vya Ukraine limezua mjadala mkali Ulaya. Kwa mfuatiliaji wa habari, somo la kiutendaji ni hili: usiishie kwenye neno "inaweza". Uliza imerudi kiasi gani, mwaka gani, katika kinu kipi.

Linganisha na waliojaribu

Mfano mmoja hautoshi kuamua. Uingereza ilifungua kiwanda chake cha THORP huko Sellafield mwaka 1994 kwa matumaini ya kuchakata mafuta ya Japani na Ujerumani. Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba mita za ujazo 83 za myeyuko wenye mionzi zilikuwa zimevuja ndani ya chumba kilichofungwa, na mwaka 2018 kiwanda kikafungwa kwa kukosa wateja. Nchi hiyo imebaki na takriban tani 140 za plutoniamu iliyotengwa, na Januari 2025 serikali iliamua kwamba itaifunga katika umbo imara na kuizika, badala ya kuigeuza mafuta. Japani ilianza kujenga kiwanda cha Rokkasho mwaka 1993 kwa lengo la kukikamilisha mwaka 1997. Tarehe hiyo imeahirishwa zaidi ya mara 20. Ufini haikuichukua njia hii, ila imechimba Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba wa kisiwa cha Olkiluoto, ili kuzika mafuta kama yalivyo.

Sisemi kwamba Ufaransa imekosea. Nchi iliyokwisha kujenga viwanda, kufunza mafundi kwa vizazi viwili na kuokoa asilimia 10 au zaidi ya urani asilia ina sababu za kuendelea. Ninachosisitiza ni kwamba duniani kote, kati ya takriban tani 400,000 za mafuta zilizowahi kutolewa vinuni, ni theluthi moja hivi tu iliyochakatwa, na nchi nyingi zilizoitazama njia hii kwa makini ziliamua kuyahifadhi mafuta na kuyazika.

Maswali ya kuuliza kabla mkataba haujatiwa saini

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Kenya imekuwa ikipanga kituo cha kwanza cha umeme wa nyuklia kupitia wakala wake, NuPEA. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, walipinga mpango huo kwa maandamano, na baadaye Siaya ikatajwa kama eneo mbadala. Katika vikao vya kushirikisha umma, swali la taka hujibiwa mara nyingi kwa maneno mawili: yatarejelezwa, au yatarudishwa kwa muuzaji. Yote mawili yana mifano halisi, na yote mawili yanahitaji kuchimbuliwa.

Ukiambiwa yatarudishwa, omba kuona kifungu cha mkataba. Bangladesh ilitia saini makubaliano na Urusi mwaka 2017 kuhusu mafuta ya kituo cha Rooppur, kwa hiyo inawezekana. Uliza kama muuzaji anachukua mafuta moja kwa moja, au anayachakata na kumrudishia mwenyewe mabaki. Sheria ya Ufaransa hairuhusu taka za kigeni zibaki nchini humo, na ndiyo maana mitungi ya kioo imekuwa ikirudi Ujerumani kwa treni. Shehena ya mwisho kutoka La Hague iliwasili Philippsburg Novemba 2024, takriban miaka 20 baada ya Ujerumani kuacha kupeleka mafuta nje yachakatwe. Nchi iliyorudishiwa mitungi kama hiyo lazima iwe na mahali pa kuiweka, chombo cha kuisimamia, na fedha zilizotengwa tangu umeme ulipoanza kuuzwa.

Uliza pia mafuta yatakaa wapi katika miaka kumi ya kwanza, kwani hakuna muuzaji atakayeyasafirisha yakiwa bado moto. Koeberg, kituo cha Afrika Kusini kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1984, kimehifadhi mafuta yake yaliyotumika palepale kituoni, bwawani na katika makasha makavu, kwa miaka yote hiyo. Eneo linalochaguliwa kwa ajili ya kinu, kwa hiyo, linachaguliwa pia kuwa ghala, na wakazi wake wana haki ya kuambiwa hivyo kwa maneno ya wazi kabla ya kutoa ridhaa yao.

Kwa ushahidi, usitegemee vipeperushi. Nchi zilizoridhia mkataba wa kimataifa wa usalama wa mafuta yaliyotumika na taka za mionzi, uliopitishwa mwaka 1997, huandika ripoti za kitaifa zinazoonyesha kiasi kilichopo na mahali kilipo, na nyingi zake hupatikana bila malipo. Nchi tisa zenye plutoniamu ya kiraia zilikubaliana kupeleka taarifa zake kila mwaka kwa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na Andra huchapisha daftari la taka zote za Ufaransa pamoja na vitu vinavyoitwa mali. Fungua nyaraka hizo ukiwa na karatasi yako ya hesabu tatu, 950, 10 na 40, na mbele ya kila moja andika kiasi kilichorudi kinuni, kiasi kilichopo ghalani, na jina la anayekigharimia.